Sinema si ya Mjini Peke Yake: Jinsi Tulivyoanzisha Chama cha Filamu Kijijini

(Hotuba iliyotolewa na wanachama wa kikundi kimoja cha kujisaidia kutoka Kaunti ya Kilifi, mbele ya wajumbe wa vikundi vingine)



Tumeombwa tuwaeleze jinsi tulivyoanza kuonyesha filamu za nchi mbalimbali kijijini kwetu. Tunashukuru kwa nafasi hii. Hatukuja hapa kama wataalamu. Sisi ni wakulima wa mahindi na mihogo, na baadhi yetu ni wafugaji wa mbuzi. Tutawaeleza tulivyofaulu na tulivyokosea, kwa maana makosa yetu huenda yakawasaidia zaidi.

Kwanza, jina. Mwanzo tulitangaza kwamba tunaanzisha "kilabu". Lo! Siku iliyofuata wazee watatu walikuja kuuliza mnazi utauzwa bei gani, na akina mama wawili wakaja kutukemea. Kwetu kilabu ni mahali pa kunywea. Basi tukabadilisha, tukaita Chama cha Filamu. Nanyi mkianza, chagueni jina ambalo halitawaletea maneno.

KWA NINI FILAMU?

Swali hili tuliulizwa sana. "Watu hawana maji, ninyi mnaleta sinema?" Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba filamu tayari ziko kijijini. Vijana wetu walikuwa wakienda sokoni kila jioni, kwenye kibanda cha video, kutazama watu wakipigana na kupigwa risasi. Wengine wanatazama kwenye simu, kila mtu na yake, kichwa chini. Kwa hiyo hatukuwa tunauliza kama watu watazame au wasitazame. Tulikuwa tunauliza watazame nini, na wakimaliza wazungumze na nani.

Wazee wetu wanakumbuka sinema za gari. Gari lilikuja uwanjani, kitambaa kikafungwa, watu wakatoka vijiji vya mbali. Mambo hayo yalianza zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, wakoloni na wamisionari walifanya jaribio la sinema lenye makao yake Vugiri, Tanganyika, na filamu zake zilizungushwa hadi Kenya na Uganda. Nyingi zilikuwa za mafunzo: kilimo, afya na kadhalika. Lakini mwananchi hakuulizwa anataka kuona nini, wala hakuulizwa ameonaje. Alikaa chini akafundishwa. Sisi tunataka kinyume cha hayo. Katika chama cha filamu, watu wenyewe ndio wanaochagua, na watu wenyewe ndio wanaozungumza.

WENGINE WALIOTUTANGULIA

Msidhani jambo hili ni la matajiri. Mwaka 1947, mjini Calcutta nchini India, kijana mmoja aitwaye Satyajit Ray, aliyekuwa akifanya kazi ya kuchora matangazo, alianzisha chama cha filamu pamoja na rafiki zake. Walikuwa wachache tu. Walitazama filamu za nchi nyingine, kisha wakazijadili. Baadaye Ray alitengeneza filamu yake mwenyewe kuhusu familia maskini ya kijijini, Pather Panchali. Fedha zilimwishia njiani mara kadhaa, mpaka serikali ya jimbo la West Bengal ikasaidia kuimaliza. Ilitoka mwaka 1955 na ikasifiwa duniani kote.

Mfano wa pili ndio uliotugusa zaidi. Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, mwongozaji wa filamu aitwaye John Abraham na wenzake walianzisha kikundi cha Odessa mwaka 1984. Walitembea kijiji hadi kijiji wakipiga ngoma na kuonyesha filamu, The Kid ya Charlie Chaplin ikiwa mojawapo, na watu wakachanga kila mtu alichoweza. Kwa michango hiyo ya wananchi walitengeneza filamu yao, Amma Ariyan, ikatoka mwaka 1986. Hakuna tajiri aliyetoa mtaji. Jamani, hiyo si harambee? Sisi Wakenya tumejenga shule na zahanati kwa njia hiyo hiyo.

Na hapa Afrika yuko Ousmane Sembène wa Senegal. Yeye alikuwa mwandishi wa vitabu, lakini aliona kwamba wengi wa watu wake hawawezi kuvisoma. Akaingia kwenye filamu, akiiona kama shule ya jioni ya wananchi. Filamu yake ya Borom Sarret, ya mwaka 1963, ni ya dakika ishirini hivi tu. Ni habari ya mtu mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar, anayefanya kazi kutwa nzima na mwisho ananyang'anywa mkokoteni wake. Mtu yeyote aliyewahi kuhangaika na askari mjini ataielewa bila kufasiriwa.

JINSI TULIVYOANZA, NA TULIVYOANGUKA

Tulikuwa wanachama 28 wa kikundi cha mbuzi wa maziwa. Usiku wa kwanza tulikodi projekta kwa shilingi 1,500 na spika kwa shilingi 500. Petroli ya jenereta ya kuazima ilikuwa shilingi 550, na nauli ya kubeba vyombo shilingi 300. Jumla shilingi 2,850. Tuliweka kiingilio cha shilingi 20 kwa mtu mzima, watoto bure. Walilipa watu 93, yaani shilingi 1,860. Mweka hazina wetu alipiga hesabu mara tatu akidhani amekosea. Tulikuwa tumepata hasara ya shilingi 990 kwa usiku mmoja.

Hasara ya pesa si kitu. Aibu ndiyo kubwa. Filamu yenyewe tulipewa na kijana mmoja aliyesema ni nzuri, na sisi hatukuitazama kabla. Katikati ya filamu, bila taarifa, watu wakaanza kuvua nguo. Akina mama wakafunika watoto macho kwa leso. Mwenyekiti wetu alikimbia akaziba lenzi kwa kofia yake, na kofia ikaanza kunuka kwa joto. Watu walicheka wiki nzima, lakini mama wawili hawakurudi mpaka tulipokwenda nyumbani kwao kuomba radhi.

Kosa la tatu lilikuwa lugha. Filamu za nje huwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Mzee asiyesoma atafanya nini? Na hata asomaye, maandishi hupita mbio. Tukamweka kijana afasiri kwa kipaza sauti kwa mtindo wa DJ Afro, ambao nyote mnaujua. Wapi! Alitia vichekesho kila mahali, mpaka pale mtoto alipofiwa watu wakaangua kicheko.

Tulikaa chini tukajiuliza: tuache au tutengeneze? Tukaamua kutengeneza.

MAREKEBISHO TULIYOFANYA

1. Kamati ya watu watano. Wawili akina mama, wawili vijana na mzee mmoja. Hakuna filamu inayoonyeshwa kabla kamati haijaitazama mwanzo hadi mwisho.

2. Sheria. Nchini mwetu kuonyesha filamu hadharani kunaongozwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Bodi ya kuainisha filamu, KFCB, ndiyo inayotoa vibali na kupanga filamu kwa umri: GE kwa watu wote, PG kwa watoto wakiwa na uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Ulizeni kwanza, msingoje kukamatwa. Tena kununua sidii ya filamu hakukupi ruhusa ya kuionyesha kwa umma. Mwenye filamu ana hakimiliki yake, naye ni mfanyakazi kama wewe. Mwandikieni mwenyewe au msambazaji wake mkieleza kwamba ninyi ni kikundi cha kijiji. Barua ya heshima hufungua milango. Vituo vya utamaduni kama Alliance Française na Goethe-Institut huonyesha filamu za nchi zao, nako mnaweza kuuliza. Na chifu na mzee wa kijiji wajulishwe mapema.

3. Fedha. Tuliacha kiingilio cha mlangoni. Sasa kila mwanachama anatoa shilingi 50 kwa mwezi, ambayo kwa watu 28 ni shilingi 1,400. Projekta tunaazima parokiani badala ya kukodi. Tunaonyesha mara moja tu kwa mwezi. Akina mama wanauza chai, mahamri na njugu, na sehemu ya faida inaingia kwenye mfuko wa chama. Haba na haba hujaza kibaba.

4. Umeme. Jenereta ina kelele na petroli ni ghali. Tulihamia betri ya sola. Hesabu yake ni hii: betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200. Usiimalize, itakufa mapema. Tumia nusu, yaani 600. Projekta ndogo ikila wati 100, kompyuta 50 na spika 50, jumla ni wati 200. Gawanya 600 kwa 200 upate saa tatu. Inveta nayo hula kidogo, kwa hiyo tegemea saa mbili na nusu. Inatosha filamu moja na mazungumzo.

5. Pazia. Shuka mbili nyeupe zilizoshonwa pamoja, zikavutwa kwa kamba pande zote nne zisipeperuke. Nyuma yake weka turubali ili mwanga usipenye.

6. Wakati. Akina mama wengi hawawezi kutoka usiku. Basi kuna maonyesho mawili kwa filamu ile ile: Jumamosi saa tisa alasiri ndani ya darasa, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia na mablanketi, kisha saa moja jioni nje uwanjani.

7. Mfasiri. Tulimpata mwalimu mstaafu. Yeye huitazama filamu mara mbili nyumbani na kuandika pembeni. Usiku wa maonyesho husema kwa Kiswahili na Kigiriama maneno machache tu, ya lazima, kisha hunyamaza. Tuliambiwa kwamba Japani ya zamani, wakati filamu hazikuwa na sauti, kulikuwa na wasimulizi waliosimama kando ya pazia, na watu wengine walilipa kiingilio kwa ajili ya kumsikiliza msimulizi. Kumbe si jambo geni.

FILAMU ZILIZOTUFAA

Tulijifunza kuchagua kwa kuuliza swali moja: je, mtu wa kwetu atajiona humo? Tunawatajia chache.

Wezi wa Baiskeli, ya Vittorio De Sica wa Italia, mwaka 1948. Ni Roma baada ya vita. Mtu amepata kazi ya kubandika mabango, lakini lazima awe na baiskeli. Mkewe anatoa mashuka ya kitanda yawekwe rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini, inaibwa. Baba na mtoto wake wanazunguka mji wakiitafuta. Aliyeigiza baba hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Vijana wetu wa bodaboda walikaa kimya kama maji mtungini. Mmoja alisema pikipiki yake bado ni ya mkopo, na usiku ule hakulala.

Nyumba ya Rafiki Yangu Iko Wapi, ya Abbas Kiarostami wa Irani, mwaka 1987. Mtoto amechukua kwa bahati mbaya daftari la mwenzake, na mwalimu amesema mwenzake atafukuzwa akikosa kuandika humo. Basi anatoka kijiji hadi kijiji kulirudisha, na wakubwa hawamsikilizi. Baada ya filamu hii watoto walizungumza kuliko sisi. Wakubwa tulikaa tukijikuna vichwa.

Supa Modo, ya Likarion Wainaina, mwaka 2018, ni yetu wenyewe Wakenya. Msichana mdogo ni mgonjwa sana, na kijiji kizima kinaungana ili kutimiza ndoto yake ya kuwa shujaa wa filamu. Hiyo haihitaji mfasiri mwingi. Lakini leteni leso za kufutia machozi.

USIKU WA YAABA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo hasa tulilotaka kuwaambia.

Sote tunajua yanayotokea katika kaunti yetu. Wazee wanaitwa wachawi, wanatishwa, wanafukuzwa, na wengine wameuawa. Kijijini kwetu kulikuwa na nyanya mjane ambaye watu walianza kumsema. Mtoto wa jirani alikuwa ameugua. Watu wakaacha kununua mboga zake. Kisimani akifika, wengine wanaondoka. Alikwisha kuanza kulala kwa binti yake, maana aliogopa nyumba yake ikifika usiku.

Sisi kama kikundi hatukusema lolote. Tuseme ukweli: baadhi yetu pia tuliacha kununua mboga zake.

Mwezi huo kamati ilikuwa imechagua Yaaba, filamu ya Idrissa Ouedraogo wa Burkina Faso, ya mwaka 1989. Yaaba kwa lugha ya Kimoore maana yake ni nyanya. Kwetu tungesema hawe. Ni habari ya mvulana aitwaye Bila na binamu yake Nopoko. Nje ya kijiji anaishi kikongwe, Sana, ambaye kila mtu anamwita mchawi. Bila anafanya urafiki naye na kumwita Yaaba. Nopoko anakatwa na kisu chenye kutu, anapata pepopunda, na kijiji kinasema Sana ndiye aliyemroga. Nyumba yake inachomwa moto. Lakini ni yeye Sana anayesafiri mbali kwenda kumtafuta mganga wa kumponya mtoto. Na sababu ya kuitwa mchawi? Mama yake alifariki akimzaa, na baba yake akafa baadaye. Basi. Hilo tu.

Tulibishana kama tuionyeshe. Wengine walisema tutaleta vita. Mwisho tukakubaliana iwe hivi: hakuna mtu atakayetaja jina la mtu yeyote wa kijijini, na tutauliza maswali ya filamu tu.

Nyumba ya Sana ilipowaka, mwalimu wetu hakufasiri kitu. Uwanja mzima ulikuwa kimya. Filamu ilipokwisha tuliuliza: nani alikuwa wa kwanza kumwita mchawi? Je, kuna aliyewahi kumwona akiroga? Mtoto aliugua kwa sababu gani? Muuguzi wa zahanati alikuwepo, akaeleza pepopunda huingia vipi na kwamba kuna chanjo yake. Kisha kijana mmoja akasimama, akasema, "Mimi nauliza kitu kimoja. Kwetu hapa, mbona mchawi huwa ni yule mwenye shamba?"

Hakuna aliyemjibu. Mwanamume mmoja aliinuka na jamaa yake, wakaenda zao. Hawajarudi kwenye filamu mpaka leo, na tunasikitika, kwa maana ni jirani zetu.

Asubuhi yake akina mama watatu wa kikundi walikwenda kwa yule nyanya, wakamchotea maji na kununua mboga zake zote. Mwenyekiti na mzee wa kijiji wakaenda kwa chifu kumweleza kwamba nyanya huyu anatishwa. Mtoto wa jirani alipelekwa hospitali, ikaonekana ni malaria, akatibiwa. Leo nyanya huyu amerudi kulala nyumbani kwake, na mjukuu wake anakaa naye. Amejiunga na kikundi chetu, ana mbuzi mmoja.

Hatusemi filamu ilimwokoa. Filamu haichoti maji wala haiendi kwa chifu. Lakini sisi tuliokuwa tumefunga midomo tulipata namna ya kuanza kusema. Tulimzungumzia Sana wa Burkina Faso, na kila mtu alijua tunamzungumzia nani.

KAMA MNATAKA KUANZA

Msingoje kuwa na projekta yenu. Anzeni na watu. Undeni kamati. Chagueni filamu fupi kwanza, ya dakika ishirini au thelathini. Itazameni kabla. Ulizieni kibali na haki za filamu. Mtafuteni mfasiri mwenye adabu. Tengeni angalau nusu saa ya mazungumzo, na maswali yaandikwe kabla. Anayeongoza mazungumzo asihubiri na asitoe jibu, kazi yake ni kuuliza na kungoja. Mwisho, wekeni daftari la mapato na matumizi wazi kwa wanachama wote, maana vikundi vingi huvunjika hapo kwenye hesabu.

Na mkikosea, mtajirekebisha. Sisi tulianza na hasara ya shilingi 990 na kofia iliyoungua, na bado tuko hapa.

Mkitaka kuja kuona, karibuni Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Njooni na mkeka wa kukalia.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi:

1. Vijana na watoto wa kijiji chetu wanatazama nini sasa, wapi, na nani huzungumza nao baadaye?
2. Ni jambo gani kijijini kwetu ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema? Je, ni filamu ya namna gani ingetusaidia kulianza?
3. Kati yetu nani anaweza kuwa mfasiri? Nani ana betri ya sola? Nani ana shuka nyeupe?
4. Kila mwanachama anaweza kuchangia kiasi gani kwa mwezi bila kuumiza chakula cha nyumbani?